Ada ya Mshauri wa Vyuo: Kinachonunuliwa na Kisichonunulika

Mshauri binafsi wa maombi ya chuo ni mtu anayelipwa ili amsaidie mwanafunzi kuchagua kozi na chuo, kuandaa hati, kujaza fomu na kufuatilia majibu. Nchini Kenya kazi hiyo ina sura tatu, na zote zinapatikana kwenye ukanda unaoanzia Kamakis, kando ya Eastern Bypass, ukipitia mjini Ruiru hadi Thika. Wa kwanza ni mhudumu wa saiba, yaani duka la intaneti, ambaye mlangoni pake pamebandikwa karatasi yenye orodha ndefu: KUCCPS, HELB, KRA, cheti cha tabia njema, pasipoti. Wa pili ni wakala wa masomo ya ng'ambo, mwenye ofisi ghorofani na bendera za Kanada na Uingereza dirishani. Wa tatu ni mshauri wa kujitegemea, mara nyingi mwalimu mstaafu au mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya udahili, anayekaa na mzazi na mtoto na kulipwa kwa saa au kwa msimu mzima wa maombi.

Wote watatu hujiita washauri, lakini hawauzi kitu kimoja. Mhudumu wa saiba anauza kasi ya vidole na intaneti. Wakala anauza njia ya kuingia vyuo alivyofunga navyo mkataba. Mshauri wa kujitegemea anauza msaada wa kufikia uamuzi. Malalamiko mengi kuhusu biashara hii huzaliwa pale familia inapolipia uamuzi na kupewa vidole, au inapoamini imepata ushauri wa bure kumbe imekutana na muuzaji.

Soko lilivyozaliwa

Eneo lenyewe linaeleza sehemu ya soko hilo. Kamakis, maarufu kwa nyama choma, imezungukwa na mitaa ya nyumba za kupanga iliyojaa familia changa, na vyuo vikuu haviko mbali. Kenyatta kiko Kahawa, Zetech kiko Ruiru kandokando ya barabara kuu ya Thika, JKUAT kiko Juja, na Mount Kenya kiko mjini Thika. Mzazi wa hapa hahitaji kushawishiwa kwamba chuo ni muhimu. Anachotaka kujua ni chuo kipi, kozi ipi na kwa pesa ngapi.

Sehemu nyingine ni mabadiliko ya utaratibu. Kwa miaka mingi Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyojulikana kama JAB, ndiyo iliyogawa nafasi katika vyuo vikuu vya umma, na wanafunzi walijaza chaguo zao shuleni mbele ya mwalimu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuunda KUCCPS, ambayo hupanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya kati. Leo matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutoka Januari, tovuti ya maombi hufunguliwa baadaye, na mwanafunzi hujaza chaguo zake akiwa nyumbani, amekwisha kurudisha vitabu vya shule na kuagana na walimu. Uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya humkuta akiwa hana mwalimu karibu.

Waliomo katika hali hiyo si wachache. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na 246,391 kati yao walipata C+ au zaidi, gredi ya chini ya kuingilia shahada. Wote hao hutakiwa kufanya uamuzi ndani ya dirisha moja la maombi. Hapo ndipo saiba, mawakala na washauri walipopata kazi.

Kompyuta ya KUCCPS inavyoamua

Kwa mwanafunzi anayebaki nchini, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nafasi za KUCCPS hugawanywa na kompyuta. Kompyuta hiyo haisomi insha, haihitaji barua ya mwalimu mkuu na haijui mzazi ni nani. Huangalia kama mwombaji ametimiza masharti ya masomo ya kozi, kisha huwapanga waombaji kwa alama za klasta kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe. C+ hufungua mlango wa shahada, C- wa diploma, na D wa cheti cha ufundi.

Alama za klasta hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni masomo 4 yanayohusiana na kozi, ambayo jumla yake ya juu ni pointi 48. Cha pili ni masomo 7 yanayounda gredi ya wastani, ambayo jumla yake ya juu ni pointi 84. Tangu KCSE ya 2023 masomo hayo 7 ni Hisabati, lugha moja, na mengine 5 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kanuni inayotumiwa sana na walimu ni kugawanya pointi za klasta kwa 48 na pointi za jumla kwa 84, kuzidisha majibu hayo mawili, kutafuta kipeuo cha pili, kisha kuzidisha kwa 48.

Mfano mmoja unaonyesha uzito wa jambo hili. Mwanafunzi ana Hisabati C+, Kiswahili B+, Kiingereza B-, Historia A-, Dini B+, Biashara B-, Biolojia C+ na Kemia C. Masomo yake 7 yanayohesabiwa yanampa pointi 61, yaani B. Akiomba kozi inayopimwa kwa Hisabati, Biolojia, Kemia na Kiswahili, masomo hayo manne yana pointi 30, na alama yake ya klasta inakuwa karibu 32.3. Akiomba kozi inayopimwa kwa Kiswahili, Hisabati, Historia na Dini, pointi ni 38 na alama inapanda hadi karibu 36.4. Mtoto ni yule yule na gredi ni ile ile, lakini tofauti ya pointi 4 yaweza kumtoa chini ya mstari wa kozi moja na kumweka juu ya mstari wa nyingine. Mahesabu ya KUCCPS yenyewe ni ya kina zaidi, kwa hiyo kikokotoo cha mtaani hutoa makadirio tu. Alama rasmi huonekana ndani ya akaunti ya mwanafunzi, pamoja na alama ya chini iliyoingiza watu katika kila kozi mwaka uliotangulia.

Kinachofuata kinatokana na hesabu hiyo. Hakuna mshauri anayeweza kumpandishia mtoto alama, kumtafutia nafasi ya pembeni au kuzungumza na mtu ndani ya KUCCPS. Anayedai kuwa na mtu ndani anauza hewa. Anachoweza kufanya mshauri mzuri ni kupanga chaguo vizuri, na kazi hiyo ina thamani. Chaguo la kwanza katika fomu ya shahada lina vipengele vya a, b na c, kisha hufuata la pili, la tatu na la nne. Mwanafunzi aliyeng'ang'ania udaktari peke yake hujaza nafasi zote kwa kozi ambazo mwaka uliopita zilimpita kwa mbali, akazikosa zote, akarudi kwenye mzunguko wa marekebisho wakati kozi zenye ushindani zimekwisha kujaa. Aliyeshauriwa vizuri huanza na kozi anayoitamani iliyo juu yake kidogo, hufuata zile ambazo alama zake zinalingana nazo, na humalizia na moja ambayo karibu ana uhakika nayo na bado yuko tayari kuisoma kwa miaka minne.

Kazi ya pili ya mshauri ni kusoma masharti ambayo mtoto wa miaka 18 hayaoni. Kozi nyingi za kitaaluma zina mabwana wawili: chuo kinachofundisha na bodi inayosajili wahitimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wahitimu wa uhandisi kutoka vyuo vikuu kadhaa vya umma walijikuta na shahada ambazo bodi ya usajili wa wahandisi ilikataa kuzitambua, na baadhi yao wakaenda mahakamani. Mshauri anayestahili ada yake huuliza kwanza kama bodi ya taaluma inaitambua kozi hiyo katika chuo hicho, ndipo aulize alama. Kwa vyuo vikuu vyenyewe, orodha ya vilivyoidhinishwa hutolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kwa vyuo vya ufundi hutolewa na mamlaka ya TVETA.

Meza ya saiba

Sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kamakis hawafiki kwa mshauri wa kujitegemea. Wao huishia kwenye meza ya saiba, na kinachotendeka hapo kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mhudumu huuliza namba ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani. Kisha huomba namba ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa sababu mojawapo ndiyo neno la siri la kuingilia mara ya kwanza. Akaunti ikifunguka humuuliza mtoto anataka nini. Mtoto akisema uuguzi, mhudumu hutafuta uuguzi, hubofya vyuo vinavyotokea mwanzoni mwa orodha, hupokea pesa, huchapisha karatasi na kumwita aliye nyuma kwenye foleni. Hakuna aliyetazama alama ya klasta. Hakuna aliyetazama gharama ya mwaka, ingawa imeandikwa hapo hapo kando ya jina la kozi.

Mhudumu hajafanya kosa lolote. Amelipwa kubofya, naye amebofya. Tatizo ni kwamba mzazi aliyebaki nyumbani anaamini mtoto wake ameshauriwa.

Hatari nyingine ya meza hiyo ni siri za akaunti. Namba zote zinazofungua akaunti ya mwanafunzi zimo kwenye nakala za vyeti anazozibeba mkononi, na nakala hizo mara nyingi hubaki saiba, mezani au ndani ya kompyuta. Mtu mwenye namba hizo anaweza kuingia na kubadilisha chaguo hadi siku ya mwisho ya maombi. Kinga yake si ngumu. Mwanafunzi abadilishe neno la siri mara anapoingia, akariri jipya bila kumpa mtu, atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini, na aingie tena kwa simu yake siku ya mwisho kuhakikisha chaguo ziko kama alivyoziacha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inambana kila anayekusanya taarifa za watu, saiba ikiwamo, kuzitumia kwa kazi iliyokubaliwa tu.

Malipo nayo yana mahali pake. Ada ya maombi ya KUCCPS katika misimu ya karibuni imekuwa Sh1,500, na malipo ya serikali hupita eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa namba ya malipo 222222. Pesa ya KUCCPS inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi haijalipwa KUCCPS. Ada ya mhudumu na ada ya serikali ni vitu viwili, na ni haki ya mzazi kuviona vimetenganishwa.

Ufadhili: fomu inayosahaulika

Kupata nafasi ni nusu ya kazi. Tangu Mei 2023 serikali imebadilisha namna inavyogharimia wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma. Badala ya kila mwanafunzi kupewa mgao unaofanana, mwombaji huwasilisha taarifa za familia yake, akapangwa katika daraja kwa kadiri ya uwezo. Kwa mpangilio wa 2024, wenye madaraja matano, daraja la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia ikabaki na asilimia 5. Daraja la tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, familia ikabaki na asilimia 40. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, na suala likaendelea katika Mahakama ya Rufaa. Kwa sababu hiyo mwombaji hana budi kusoma maelekezo ya msimu wake mwenyewe, si ya kaka yake aliyetangulia.

Hapa mshauri anaweza kuwa na faida kubwa au madhara makubwa. Faida ni kumkumbusha mwanafunzi kwamba KUCCPS haimwombei pesa. Ombi la ufadhili na mkopo ni kazi ya pili, lenye tarehe zake na hati zake. Vilevile humwonyesha kwamba kozi ile ile yaweza kuwa na bei tofauti sana katika vyuo viwili, na kwamba asilimia 40 ya kozi ghali ni mzigo ambao mshahara wa kawaida wa Ruiru hauubebi. Madhara huja pale anayejaza fomu anapobuni umaskini ili mtoto aangukie daraja la kwanza. Taarifa za uongo huandikwa kwa jina la mwanafunzi, na ndiye atakayeulizwa, muda mrefu baada ya mshauri kubadilisha laini ya simu.

Ng'ambo: nani anamlipa nani

Biashara ya kuwapeleka vijana ng'ambo ina historia ya kujivunia nchini Kenya, na ilianza bila ada. Septemba 1959 ndege ilibeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani, katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani. Kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Wangari Maathai, aliyeondoka 1960 kwenda kusoma Kansas, ni mmoja wao. Waliochagua majina, waliotafuta vyuo na waliochangisha nauli walifanya kazi ya mshauri wa leo, ila mteja wao alikuwa taifa.

Wakala wa leo ana mteja mwingine, na swali la kwanza la mzazi liwe mteja huyo ni nani. Vyuo vingi vya Uingereza, Australia na Kanada huwalipa mawakala kamisheni, ambayo ni asilimia fulani ya karo ya mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi anapojisajili. Nchini Marekani sheria imezuia tangu 1992 kulipa kamisheni kwa kuleta wanafunzi wanaopata msaada wa serikali ya shirikisho, lakini haikuwagusa wanafunzi wa kigeni wasiostahili msaada huo. Kamisheni si haramu na wakala anayeipokea si tapeli. Ila inaamua ramani atakayomwonyesha mtoto.

Ramani hiyo ina mashimo, nayo yako mahali penye nafuu. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, kwa sehemu kubwa, havitozi karo, na mahali pasipo karo hakuna asilimia ya kukata. Harvard, Yale, Princeton na MIT huwadahili wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha hugharimia upungufu wote, wala havihitaji wakala wa kuvitafutia waombaji. Mwanafunzi wa Kamakis mwenye A anayeingia ofisi yenye bendera dirishani huenda akatoka na barua ya chuo cha kawaida chenye karo ya mamilioni, na jina la chuo ambacho kingemsomesha bila malipo lisitajwe hata mara moja. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyelipwa kumwambia.

Pesa za ng'ambo pia zina njia zake rasmi. Anayekwenda Ujerumani huweka akiba ya kujikimu kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 imekuwa euro 11,904 kwa mwaka, na akaunti hiyo huwa kwa jina lake. Ada ya viza hulipwa kwa ubalozi au kituo chake. Karo hulipwa kwa chuo. Wakala anayetaka fedha hizo zipite kwake hana sababu nzuri ya kutaka hivyo. Kenya imepata somo la wazi kuhusu hilo: mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana Finland na Kanada ulikusanya pesa za wazazi katika akaunti ya pamoja, na mwaka 2023 familia ambazo watoto wao hawakusafiri, au karo yao haikufika vyuoni, ziliandamana Eldoret hadi suala likafika mahakamani. Kama mpango wenye muhuri wa kaunti uliweza kufika hapo, ofisi ya chumba kimoja haiwezi kuaminiwa kwa risiti ya mkono.

Barua ya chuo nayo huthibitishwa kwa chuo chenyewe. Mwaka 2023 iligundulika nchini Kanada kwamba wanafunzi kadhaa kutoka India walikuwa wameingia kwa barua za udahili zilizoghushiwa na wakala wao, wengi wakisema hawakujua. Tangu Desemba 1 mwaka huo Kanada huthibitisha kila barua na chuo kilichotajwa kabla ya kutoa kibali. Mwanafunzi naye anaweza kufanya hivyo kwa barua pepe moja kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, siyo anwani aliyopewa na wakala.

Insha ya nani

Tofauti kubwa kati ya KUCCPS na vyuo vya Marekani au Uingereza ni kwamba huko insha na barua za walimu huhesabiwa. Kwa sababu hiyo mshauri ana nafasi zaidi ya kusaidia, na kwa sababu hiyo hiyo ana nafasi zaidi ya kuharibu. Kusaidia ni kuuliza maswali: mwanafunzi alifanya nini likizo, kwa nini aliacha somo fulani, ni kazi gani ya nyumbani iliyomfundisha uvumilivu. Ni kumwambia kwamba aya ya pili haieleweki na kumrudishia aiandike upya. Kuharibu ni kuandika badala yake.

Kwenye barabara ya Thika kishawishi hicho kiko karibu kuliko kwingi. Kwa miaka mingi wahitimu wa Kenya, wengi wakiishi karibu na vyuo vya ukanda huu, wamepata riziki kwa kuwaandikia kazi za darasani wanafunzi wa ng'ambo. Biashara hiyo ndiyo iliyomvutia Profesa Patricia Kingori wa Oxford, aliyezaliwa Kenya, katika filamu ya The Shadow Scholars ya 2024. Anayeweza kumwandikia mwanafunzi wa London insha ya falsafa hashindwi kumwandikia mtoto wa jirani barua ya kujieleza. Lakini UCAS, inayopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, hulinganisha kila barua na hifadhi yake ili kunasa zilizonakiliwa, na Common App, fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo vya Marekani, huhesabu kuwa udanganyifu mwombaji kuwasilisha maandishi ya mtu mwingine au ya akili mnemba kama yake. Marekani yenyewe ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Rick Singer, mshauri wa California aliyewatoza matajiri mamilioni ya dola kwa kupanga mitihani ya udanganyifu na kuwahonga makocha, alifichuliwa mwaka 2019, na Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Baadhi ya wazazi waliomlipa walifungwa pia.

Ushauri usiolipiwa

Kabla ya kutoa ada, familia inafaa kujua kilichokwisha kulipiwa na wengine. Sheria iliyounda KUCCPS inaipa jukumu la kueneza habari za kozi na gharama zake na kuandaa mipango ya ushauri wa taaluma kwa wanafunzi. Ofisi zake ziko ACK Garden House, Nairobi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina meza katika vituo vya Huduma vya serikali. Kila chuo cha ukanda wa Thika kina ofisi ya udahili inayojibu maswali bila kutoza, na mwanafunzi anayeishi Kamakis anaweza kuzizungukia kwa nauli ya matatu.

Kwa Marekani, EducationUSA iliyo chini ya ubalozi jijini Nairobi hutoa ushauri bila kupokea kamisheni ya chuo chochote. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, lina ofisi ya kanda Nairobi. KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, huwaandaa vijana wenye alama za juu kuomba vyuo vikubwa vya Marekani bila kuwatoza. Zawadi Africa, iliyoanzishwa 2002 na Susan Mboya, binti yake Tom Mboya, hufanya hivyo kwa wasichana wenye akili wasio na uwezo. Equity Group Foundation huwasaidia vijana wa Equity Leaders Program kuomba vyuo vya nje. Milango hii ina ushindani na haiwatoshi wote. Hata hivyo mshauri wa kulipwa ambaye haitaji hata mmoja mbele ya mtoto mwenye A amemficha mteja wake kitu.

Mapatano

Familia iliyokwisha kutazama hayo yote na bado inahitaji msaada ina sababu halali ya kulipa. Mzazi hana muda, mtoto hana mtu mtulivu wa kuzungumza naye, masharti ni mengi, na macho ya mtu wa tatu huona ambacho nyumba nzima imekizoea. Katika hali hiyo mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje kazi itakayofanywa, tarehe yake, ada na namna ya kuilipa kwa awamu, na kama mshauri anapokea kamisheni kutoka chuo chochote. Yaseme kwamba mwanafunzi ndiye mwenye akaunti, neno la siri na barua pepe, na kwamba kila fomu itatumwa baada ya yeye kuisoma na kukubali. Yaseme pia pesa itarudishwaje kazi isipofanyika. Risiti iwe ya jina la biashara. Kibali cha kaunti kilichotundikwa ukutani kinaonyesha kwamba ada ya kaunti imelipwa, hakithibitishi ujuzi. Ujuzi huthibitishwa na familia nyingine zilizohudumiwa, ambazo mshauri mwaminifu hataogopa kuzitaja kwa ridhaa yao.

Malipo yanayotegemea kuingia chuo yakataliwe, kwa sababu humfanya mshauri ampeleke mtoto kwenye chuo rahisi kuingia badala ya kinachomfaa, au amshawishi kudanganya ili aingie. Mapatano yakivunjwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na haimlazimu mlalamikaji kuwa na wakili. Karatasi ile ya ukurasa mmoja ndiyo itakayokuwa ushahidi.

Mshauri wa vyuo anastahili malipo kwa muda wake, kwa kusoma masharti na kwa kumsaidia kijana kujijua. Hastahili malipo kwa nafasi, kwa sababu nafasi si yake: ya KUCCPS hutolewa na alama, ya ng'ambo hutolewa na chuo. Mzazi wa Kamakis anayetaka kujua kama amempata mshauri wa kweli amuulize maswali matatu tu kabla ya kutoa pochi: nani mwingine anayekulipa, nani atakaa na neno la siri, na ni wapi mtoto wangu angepata msaada huu bure? Asiyejibu yote matatu papo hapo asilipwe.